Miadi ya Saa Tatu na Robo

Kutoka: Wa Kibokoni
Jumanne jioni

Assalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu.

Ninaandika nikiwa bado na kabuti mwilini, kwa sababu nimeingia nyumbani sasa hivi na sina hamu hata ya kuvua viatu. Leo nilikuwa na miadi ya kutoa alama za vidole kwa ajili ya ILR, yaani kibali cha kuishi hapa Uingereza bila kikomo, na nimeikosa. Treni haikuchelewa, wala sikupotea njia. Barua pepe ya miadi ilipofika wiki iliyopita nilikuwa ghalani kwenye zamu ya usiku, ambako simu zetu hufungiwa kabatini, basi mke wangu aliisoma akanitumia ujumbe wa sauti: "Miadi yako ni Jumanne, saa tatu na robo, na usisahau pasipoti." Mke wangu amekuja huku mwezi wa Aprili na saa yake ingali ya Mombasa. Mimi nina miaka kumi na moja huku, kutwa niko na watu wanaohesabu saa kwa hesabu yao, na niliposikia "saa tatu na robo" masikio yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye 3:15. Alichokisoma yeye kilikuwa 9:15.

Nilifika saa tisa kasorobo alasiri, nikijisifu moyoni kwa kuwahi. Taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kuwaka. Mlinzi wa mlangoni aliitazama karatasi yangu, akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi na kuniuliza kwa upole kama nilikuwa nimelala. Msichana wa mapokezi aliniambia kuwa miadi imeandikwa kama mtu aliyekataa kuja, na kwamba nikitaka nyingine itanibidi nilipe upya.

Swali langu ni moja: je, ada ya miadi hulipwa upya kweli, au kuna namna ya kujieleza? Aliyewahi kupatwa na jambo hili anisaidie, kwa hisani yenu.

Kutoka: Wa Majengo
Jumanne usiku

Pole sana, ndugu yangu. Ungetaja fomu uliyojaza, kwa sababu majibu ya SET LR (fomu ya waliokaa huku muda mrefu) na ya SET O (ya sababu nyinginezo) hayafanani. Mimi mwaka 2016 nilikaa wiki tano nikiisubiri BRP yangu, ile kadi ya kibali cha kuishi, kila siku ninapiga simu, na kumbe mleta barua alikuwa ameiacha kwa jirani, naye jirani akaitia kwenye droo ya vijiko akaenda zake likizo. Nilipoipata ilikuwa inanuka bizari. Kwa hiyo ninalokushauri ni kuhakikisha kwanza kwamba anwani yako imeandikwa sawasawa kwenye BRP.

Kutoka: Bi. wa Kuze
Jumanne usiku

Wa Majengo, kadi za BRP zilikoma kutumika mwisho wa mwaka 2024 na sasa mambo yote ni eVisa, kibali cha mtandaoni. Unamshauri mwenzako ahakikishe anwani kwenye kadi ambayo haipo? Hukuulizwa habari za droo.

Wa Kibokoni, mwanangu, ninakuelewa. Kwa daktari wetu simu hufunguliwa saa mbili kamili za asubuhi, na ukipiga saa mbili na dakika tano unaambiwa nafasi za siku hiyo zimekwisha. Mama mkwe wangu, alipokuwa akikaa nasi msimu kama huu, niliwahi kumwomba aniamshe saa mbili kasorobo. Alichungulia dirishani, akaona kiza, akahukumu kwamba haiwezi kuwa asubuhi, akarudi kulala. Saa aliivaa mkononi, lakini aliona kwamba kilichosema kweli ni dirisha.

Kutoka: Mzee wa Makadara
Jumatano asubuhi

Waaleikum salaam. Wa Kibokoni, usimlaumu mkeo, wala usijilaumu nafsi yako. Saa ya Kiswahili ni saa ya jua: likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza tena, na kwetu pwani hesabu hiyo haimtupi mtu, kwa sababu magharibi ya Mombasa mwaka mzima huenda mbele na kurudi nyuma kwa kiasi cha nusu saa tu. Nilipokuwa mtoto tulikuwa na saa ya ukutani yenye tarakimu za Kizungu kama saa zote, na hakuna aliyepata tabu nayo, kwani mshale ukielekea tisa sisi tulisoma tarakimu iliyo mkabala wake, yaani tatu. Hatukuwa tukipiga hesabu yoyote kichwani.

Huku hesabu hiyo inakosa pa kushikia. Juma hili mjini London jua linazama kabla ya saa kumi za jioni, na adhuhuri mpaka magharibi hazifiki saa nne. Anayefanya kazi za watu hujikuta anaiswali alasiri karibu na mezani kwa chakula cha mchana. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, atafungua pazia akuonyeshe nyota.

Mimi niliingia nchi hii mwaka 1969, wakati serikali ilipokuwa ikijaribu kuacha kurudisha saa nyuma majira ya baridi. Jaribio hilo lilianza mwaka 1968 na likaachwa mwaka 1971. Asubuhi zilikuwa za kiza mno, na watoto wa shule walivishwa mikanda ya kung'aa mikononi ili wenye magari wawaone. Nikiwa mgeni, nilidhani ile mikanda ni hirizi. Kipupwe cha siku hizo kilikuwa kikali kuliko hiki mnachokilalamikia.

Kutoka: Wa Ndia Kuu
Jumatano mchana

Mzee wangu, shikamoo. Nina masahihisho mawili, na naomba radhi kwa kuyatoa mbele ya watu.

La kwanza, majira haya si kipupwe. Kipupwe ni ule ubaridi wetu wa mwezi wa Juni hadi Agosti, baada ya masika, wakati wa kusi. Kumwita huyu aliyeko nje kipupwe ni kumwita simba paka. Hili ni majira ya baridi, basi.

La pili, hukusema, lakini najua wengi wenu mnaamini kwamba siku fupi kuliko zote ndiyo yenye magharibi ya mapema kuliko zote. Sivyo. Siku fupi ni tarehe 21 au 22 Desemba, ambapo London hupata mchana wa saa saba na dakika hamsini hivi, lakini magharibi ya mapema huwa zimetangulia kwa siku tisa au kumi, na macheo huendelea kuchelewa mpaka mwaka unapogeuka. Kwa hiyo anayerudi kazini ameanza kupata nafuu kabla ya anayekwenda kazini. Na msisahau kwamba Mombasa iko kusini ya ikweta, nyuzi nne, kwa hiyo Desemba hii tunayoikalia kiza ndiyo yenye mchana mrefu kuliko yote kwao, saa kumi na mbili na dakika ishirini na kidogo.

Hata hiyo saa ya jua anayoisifu Mzee haijawa ya jua kamili kwa muda mrefu. Jua la Mombasa limelitangulia la Greenwich kwa saa mbili na dakika 39 hivi, na sisi tunatumia saa tatu kamili. Enzi za ukoloni ilipata kuwa saa mbili na nusu, ikapata kuwa saa mbili na dakika 45, kila mara ikiamuliwa Nairobi. Jua letu halikuulizwa, nasi hatukuulizwa, kama ilivyokuwa katika mambo mengine mengi ya mwambao huu, ambao kwa maandishi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963.

Kutoka: Msimamizi
Jumatano mchana

Ndugu zangu, mwambao tunaufahamu sote. Naomba tubaki kwenye miadi na saa.

Kutoka: Wa Rabai
Jumatano jioni

Nimekuwa nikisoma kimya. Wa Kibokoni, wako watakaokushauri uiandikie ofisi barua ya kueleza kwamba kwetu saa tatu ndiyo tisa yao. Iandike, lakini usitegemee kuaminiwa, kwa maana watu wa mji huu wana historia ya kutoamini habari zinazotoka upande wetu. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa kwetu Rabai, aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 akaripoti kwamba kileleni pana theluji. Kiongozi wa msafara wake alipoulizwa ule weupe ni nini, alijibu kwa neno moja tu: baridi. Hapa London akaondokea bwana mmoja mtaalamu wa ramani, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, akashikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Aliendelea kushikilia hivyo kwa miaka, hata baada ya Karl Klaus von der Decken kuupanda mlima na kuthibitisha habari hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Sasa mtu wa mapokezi ataamini vipi habari ya saa?

Mimi jambo linalonishangaza ni lugha yetu. Watu wasioishi na baridi kama hii tulikuwa na theluji, tuliyoipata kwa Waarabu, na barafu, tuliyoipata kwa Waajemi, miaka mingi kabla ya mmoja wetu kuteleza mbele ya kituo cha basi. Ijumaa iliyopita niliifua kanzu nikaianika nje, kwa sababu mke wangu hataki nguo mbichi ndani akihofia kuvu la ukutani. Asubuhi niliikuta imekakamaa, mikono imenyooka. Nilipoiondoa kwenye kamba na kuiegemeza mlangoni ilisimama yenyewe, kama mtu anayebisha hodi, mpaka ilipoanza kuyeyuka kuanzia mabegani na kuinamia ndani taratibu. Wanangu waliipigia picha. Bado sijaivaa.

Kutoka: Bi. wa Kuze
Jumatano usiku

Habari ya kanzu imenichekesha na kunitia huzuni kwa wakati mmoja. Humpigia mama kila siku magharibi ya kwao ikikaribia, ambayo msimu huu ni saa tisa na nusu ya huku, yaani saa kumi na mbili na nusu kwao. Kwa mwaka mzima huwa ninasikia adhana ya magharibi ya kwetu nikiwa na jua dirishani, isipokuwa wiki hizi chache. Leo adhana imesikika simuni kutoka msikiti wa mtaani, na mimi nimesimama jikoni taa zimewashwa, nje kumeingia kiza kilekile. Nusu saa baadaye ikawa magharibi na kwangu. Hatujapata kuwa karibu hivi kwa saa, mimi na mama.

Aliniambia kaskazi imeanza kuvuma, joto la usiku halilaliki, na amehamishia kitanda chake cha kamba uani. Aliniuliza kama nami nimefungua madirisha.

Wa Majengo, kama nilikujibu kwa ukali jana, unisamehe. Lakini BRP zimekwisha.

Kutoka: Wa Majengo
Jumatano usiku

Nimekusamehe, dada. Lakini mwaka 2016 zilikuwapo, na nilikuwa nikizungumza habari za mwaka 2016.

Kutoka: Wa Kibokoni
Alhamisi asubuhi

Nawashukuru wote. Nimejifunza habari za Kilimanjaro, za magharibi na za droo, na nimemsomea mke wangu maelezo ya Mzee wa Makadara kuhusu mshale na tarakimu ya mkabala. Amefurahi kupita kiasi, na tangu jana ananiita "Bwana Tatu na Robo" mbele ya watoto. Fomu yangu ni SET LR, kwa aliyeuliza.

Usiku wa jana nilifungua tena akaunti yangu kutafuta nafasi nyingine. Ziko za aina mbili: za kulipia, za juma lijalo, na zisizolipiwa, ambazo ya karibu kabisa ni ya mji ulio mwendo wa saa mbili kwa treni, siku ya kazi, na imeandikwa 8:05. Mke wangu amechukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika nyuma yake saa hiyo kwa tarakimu kubwa, akachora jua kando yake, kisha akalikata lile jua kwa mstari na kuchora mwezi, maana saa hizo kutakuwa kungali kiza. Ameibandika kwenye mlango wa jokofu.

Sijaichukua nafasi hiyo bado, kwa sababu nikiichukua sijui kama ile ada ya kwanza nitaweza kuidai. Kwa hivyo ninauliza tena: je, kuna aliyerudishiwa ada baada ya kukosa miadi? Pia, kama yupo mwenye gari anayepita upande huo alfajiri, nitachangia mafuta na kuleta chupa ya chai ya tangawizi.

Kutoka: Wa Ndia Kuu
Alhamisi asubuhi

Wa Kibokoni, 8:05 si alfajiri. Alfajiri ya siku hizi huingia saa kumi na mbili na dakika kidogo. Saa mbili na dakika tano ni macheo, na kwa Desemba hii ndiyo kwanza jua linachomoza, kwa hiyo ule mwezi mkeo aufute. Ukitaka lifti, useme kwanza unataka kuondoka alfajiri au kufika macheo, kwa maana ni mambo mawili mbalimbali.