Skana haisomeki tangu nipigiwe Windows 11, naombeni msaada

Steshenari_Makambako:
Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo karibu na stendi hapa Makambako. Kinachoniweka mjini ni skana: vijana wanaleta vyeti vya kuzaliwa na vya kidato cha nne niwaskanie, wapakie kwenye maombi ya vyuo na mikopo.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, fundi mmoja akanishauri tuhamie 11. Laptopu yangu ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane, inakubali. Akahamisha mafaili, akafuta diski, akapiga Windows upya. Sasa nikichomeka skana, taa ya kijani inawaka, mota inanguruma kama siku zote, lakini kompyuta haiitambui. Draiva ya kwenye CD yake, ile programu inayoifanya kompyuta iielewe skana, inagoma kuingia. Fundi anasema skana imekufa, ninunue nyingine.

Haijafa! Nimeichomeka kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10, ikaskani cheti pale pale. Na hiyo ya mezani ni kizazi cha saba, 11 inaikataa, fundi anataka niiuze kwa bei ya chuma chakavu. Ina SSD, inawaka upesi kuliko laptopu. Inaniuma sana. Mashine inayofanya kazi kutwa nzima iitwe mbovu kwa ajili ya namba ya kizazi? Nifanyeje?

MzeeWaBios:
Pole mkuu. Kwenye hiyo ya mezani fungua Settings, System, About. Inasema Windows yako ni ya biti 32 au 64?

Steshenari_Makambako:
32. Laptopu nayo ilikuwa hivyo hivyo, zilipigwa pamoja. Halafu RAM inaandika 8 GB, inayotumika 3.4. Hiyo nayo ni nini?

MzeeWaBios:
Ugonjwa ni huo huo. Windows ya biti 32 haifiki mbali zaidi ya hapo kwenye RAM. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, na draiva ya biti 32 haiingii kwenye mfumo wa biti 64 hata ulazimishe. Nenda tovuti ya waliotengeneza skana, tafuta draiva ya biti 64. Hata iliyoandikwa ya Windows 7 mara nyingi hukubali. Ukikosa, jaribu programu ya kuskania iitwayo VueScan, ina draiva zake yenyewe kwa skana nyingi za zamani. Ya majaribio inachora alama juu ya picha, kwa hiyo hakikisha inasoma ndipo ulipie.

Ile nafasi ya siku 10 ya kurudi Windows 10 wewe huna, diski ilishafutwa.

Dada_Lina:
Ya mezani usiuze. Kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, hulipi. Vinginevyo ni dola 30. Windows 10 yako iwe toleo 22H2. Na asije mtu akakurukia ukaguzi wa prosesa na TPM 2.0 (chipu ya usalama) ili 11 iingie kwa nguvu. Microsoft wenyewe wanasema mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, na wewe unashika vyeti vya watu.

Mimi yangu ya zamani nimeiweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Unaweza kuiwasha kwenye flashi bila kugusa diski, ukaona kama skana inasomeka.

Steshenari_Makambako:
Wakuu, nimeipata ya biti 64, ya Windows 7 kweli, na imeingia! Kitufe cha mbele cha skana ndicho hakiitikii, inabidi nianzie kwenye kompyuta, lakini cheti kinatoka safi mpaka mhuri unasomeka. Asanteni mno.

Dada Lina, hiyo Mint inafungua Word? Walimu wananiletea mitihani.

Dada_Lina:
Inakuja na LibreOffice, programu ya bure inayofungua mafaili ya Word. Barua hazina shida. Mitihani yenye majedwali na fomula za hesabu wakati mwingine hupanguka, hasa fonti zikikosekana. Mitihani ichape kwenye laptopu, ya mezani iachie kuskani.