Tupeane uzoefu: tunaolima juu ya Ruvu, udongo unazuiwaje usiishie mtoni?

Kiroka_Juu: Wakuu, masika yameingia na Ruvu imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mtambo wa maji wa Mlandizi wataongeza shabu ya kusafishia, Dar watalalamika, ila aliyepoteza udongo wa juu ni mkulima wa Uluguru. Mwenye njia inayoshika kwenye mteremko mkali aiweke hapa. Vipimo, siyo "tupande miti".

Fundi Matuta: Anza na fremu A, kifaa cha kupimia mstari wa usawa kwenye mteremko. Miti miwili ya mita 2 na ushee, mfupi wa kukatiza katikati, kamba yenye jiwe ining'inie toka juu. Isimamishe kwenye vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa mti wa kukatiza. Geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Jiwe liwe zito, jepesi linachezewa na upepo na mstari unapinda.

Kisha chimba fanya juu: mtaro upana sentimita 60, kina 60, udongo tupa upande wa juu. Acha ukingo wa sentimita 20 hivi kati ya mtaro na tuta, la sivyo mvua ya kwanza inaurudisha wote. Tuta likibonyea mahali pamoja, maji ya shamba zima yanakimbilia hapo. Linapasuka, linaliangukia la chini yake, nalo linapasuka, mpaka bondeni. Asubuhi unakuta korongo la kuingia ng'ombe.

Mama Mboga Mgeta: Hapo kwenye kubonyea umesema kweli tupu.

Nguzo_Kwanza: Mnahangaika bure. Pigeni mikaratusi kingo zote, baadaye mnauza nguzo.

Kiroka_Juu: Kwenye chemchemi? Mkaratusi unayanywa. Uze nguzo, ununue maji. Hapo ni mkuyu.

Nguzo_Kwanza: Mkuyu unauzwa soko gani, mkuu?

Mtoto wa Mto: Mkaratusi upeleke mgongo wa kilima, mbali na maji. Kingoni weka mkuyu: kata tawi la mita 2 mvua zinapoanza, zika nusu mita, upande uliokuwa chini ubaki chini. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 toka ukingoni, hakuna shughuli ya kudumu.

Nguzo_Kwanza: Mita 60 Uluguru! Mashamba mangapi yana upana huo?

Mzee wa Matombo: Vijana, kabla hamjafika kwenye kuchonga mteremko uwe ngazi za kulimia, sikilizeni. Miaka ya 1950 Mwingereza aliwalazimisha Waluguru wachonge ngazi milima hii. Udongo wa juu huku ni mwembamba. Ukichonga unaufukia na kuanika udongo mfu, mahindi yanatoka ya njano. Kazi ya shuruti, mavuno hakuna. 1955 watu wakafurika Matombo, risasi zikapigwa, mtu akafa. Mpango ukaishia hapo.

Mama Mboga Mgeta: Shikamoo mzee. Na machifu walikuwa upande gani?

Mzee wa Matombo: Marahaba. Upande wa mshahara.

Nguzo_Kwanza: 😂😂 Mzee endelea, achana na fremu.

Fundi Matuta: Shikamoo mzee. Kwa udongo mwembamba uko sahihi, hata fanya juu usichimbe. Panda nyasi za vetiva kwenye mstari wa fremu: majani yakatwe yabaki sentimita 20, mizizi sentimita 10, miche miwili mitatu kila shimo, nafasi sentimita 10 hadi 15. Pengo lizibwe mapema, maji yatapita hapo hapo. Udongo unajikusanya nyuma ya majani, ngazi inajijenga taratibu.

Mama Mboga Mgeta: Mabingobingo bora, mbuzi wanakula.

Mtoto wa Mto: Na yanakula shamba pia, usipoyakata.

Kiroka_Juu: Korongo lililokwisha chimbika je?

Fundi Matuta: Vizuizi vya mawe, anzia juu kabisa. Ingiza mawe nusu mita ndani ya kingo pande zote mbili, na katikati pawe chini kuliko pembeni. Ukisawazisha, maji yanazunguka pembeni na korongo linapanuka. Kitako cha kizuizi cha juu kilingane na kichwa cha kinachofuata.

Nguzo_Kwanza: Viroba vya mchanga si rahisi zaidi?

Fundi Matuta: Jua linavila kabla ya masika mengine. Beba mawe.