Naombeni msaada: viwaya vya kesi ya kompyuta vinaingia wapi kwenye madabodi (bodi kuu)?

Kijana wa Tandika: Wakuu habari za usiku. Naunganisha kompyuta yangu ya kwanza. Prosesa, ramu na pawa saplai vimekaa, vimebaki vile viwaya vyembamba vya swichi (SW) na taa (LED) za kesi: POWER SW, RESET SW, HDD LED, POWER LED+ na POWER LED-. Nikikosea naunguza kitu? Niko njia panda.

Fundi Nyaya: Hivyo huunguzi kitu. Tafuta ukingo wa chini wa madabodi, pameandikwa F_PANEL au JFP1. Ni safu mbili za pini tano tano, ila pini moja ya mwisho haipo. Anza kuhesabu upande ulio mbali na hilo pengo. Safu yenye pengo: pini mbili za kwanza ni POWER LED, chanya ikitangulia, mbili zinazofuata ni POWER SW. Safu nyingine: HDD LED, chanya kwanza, kisha RESET SW, ya tano iache. Swichi hazina chanya wala hasi. Taa ukiigeuza haiwaki tu, chomoa uigeuze. Mara nyingi waya wa rangi ndio chanya, mweupe au mweusi ni hasi.

Kiroboto: Uza vyote ununue laptop. Kule waya walishachomeka Wachina.

Mzee wa Mita: Viwaya vidogo havina shida, madabodi zinafia kwenye plagi kubwa. Ile ya USB 3.0 ya pini 19 ni ngumu, ukiiingiza mshazari unapinda pini. Ishike pande zote mbili, sukuma wima, usiitikise. Halafu USB 2.0 na sauti zinafanana kabisa, zote pini 9. Ya USB pengo liko pembeni, pini ya 9. Ya sauti pengo ni pini ya 8. Plagi ikikataa, usitumie nguvu.

Kijana wa Tandika: Asanteni. Ila kwangu pini haziko hivyo, ni nyingi na hazina maandishi.

Fundi Nyaya: Madabodi gani?

Kijana wa Tandika: Nzuri tu mkuu, ya prosesa ya i5.

Mama Saba: Mtu anauliza njia halafu anaficha anakokwenda. Taja jina!

Kijana wa Tandika: Sawa. Imetoka kwenye kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 ya mtumba. Niliuziwa bodi peke yake, nikanunua kesi ya kioo. Bei ilikuwa nzuri, na kwa kazi zangu i5 hiyo inatosha. Nawaza kukata plagi ya POWER SW nijaribu pini mbilimbili mpaka iwake.

Mzee wa Mita: Usijaribu! Kwenye hizo pini kuna laini za umeme, ukigusanisha isiyo yake umezika bodi. Mpangilio wa pini za vitufe na taa za mbele wa mashine hizo ni wa Dell wenyewe. Vijana mnanunua kioo kwanza, madabodi baadaye.

Chai Rangi: Hii chai, leteni maandazi. 9020 inakula umeme kwa plagi ya pini 8 na nyingine ya pini 4. Pawa saplai ya kawaida ina pini 24. Wewe "imekaa" vipi?

Kiroboto: 😂 Sukari kijiko kimoja.

Kijana wa Tandika: Sio chai jamani. Kuna kiunganishi cha pini 24 kwenda 8, nilinunua pamoja na bodi. Sikukitaja kwa sababu swali langu lilikuwa waya za kesi.

Chai Rangi: Kumbe. Basi hakikisha hukuchomeka ile plagi ya prosesa ya pini 8 mahali pa kiunganishi. Mpangilio wa umeme ni tofauti kabisa.

Fundi Nyaya: Sasa tunaelewana. Rudi ulikonunua, omba kitufe cha kuwashia cha mashine hiyohiyo pamoja na waya wake. Weka mita ya umeme kwenye mlio (inalia njia ya umeme ikiungana), gusa matundu ya plagi mawili mawili huku ukibonyeza kitufe. Mawili yanayolia pale tu unapobonyeza ndiyo ya kuwashia. Yaweke alama, kisha unganisha hapo waya mbili za POWER SW, yoyote popote. Haya yote kebo ya umeme ikiwa imechomolewa ukutani. Taa za kesi zisahau. Na ikiwaka ikalalamika kuhusu kebo ya mbele, bonyeza F1 iendelee.

Mzee wa Mita: Na feni ya prosesa ibaki yake ya asili, plagi yake ni ya pini 5.

Kijana wa Tandika: Nitaenda kuomba kitufe. Ila ile plagi ya POWER SW nimeshaikata, na waya umebaki mfupi haufiki.

Mama Saba: Nilijua tu.

Fundi Nyaya: Tumia RESET SW. Ni swichi ya aina ileile. Utakuwa unawashia kwa kitufe kidogo.