CLOS (mfumo wa klasi na methodi wa Common Lisp): mnafatilia methodi kwa trace ya kawaida, :methods t au :around?

kijana_wa_wete
Assalaam alaykum wakuu. Nna kiprogramu cha nauli za boti Unguja na Pemba nimekiandika kwa Common Lisp, natumia SBCL (kompaila yake), fankisheni yake jeneriki, yani jina moja lenye methodi nyingi na Lisp inachagua kwa klasi ya abiria, inaitwa nauli na ina methodi ya mkaazi, ya mgeni na ya mtoto, sasa mtoto mkaazi anatozwa sawasawa na mamake na sijui kwa nini. Nshajaza format za kuchapisha kila pahala hadi skrini imekuwa Darajani siku ya mkesha wa Idi. Nyie mnafanyaje?

fundi_mkoani
Waalaykum salaam. Toa hizo format yakhe. Andika (trace nauli) uiite, utaona kilichoingia na kilichorudi, ukimaliza (untrace). Kwenye SLIME, ile ya kuandikia Lisp ndani ya Emacs, ni C-c C-t tu.

kijana_wa_wete
Nimefanya. Inanambia nauli imeitwa na mtoto-mkaazi, ikarudisha bei ya mtu mzima. Hilo nnalijua tangu jana 😅

bi_mdogo_chake
Ndo maana trace ya kawaida mie hainishibishi. Ile inakaa mlangoni tu, ndani kapokea nani haikwambii. Jaribu (trace nauli :methods t), inakuonesha kila methodi inavoitwa na inavorudi, hata zile zinazofikiwa kwa call-next-method, yani methodi moja kuita inayoifuata. Kasoro yake ukiwa na :before na :after nyingi (methodi za kabla na baada ya ile kuu) matokeo yanakuwa marefu hadi unasahau ulichokuwa ukitafuta, na pia ni ya SBCL, yani trace yenyewe imo kwenye kiwango cha ANSI cha 1994 lakini vikorombwezo kila Lisp ina vyake.

baharia_malindi
Mie bado mtu wa :around, methodi inayozizunguka zile nyengine. Unaweka format, call-next-method, basi, na inakwenda kwenye Lisp yoyote.

bi_mdogo_chake
Inakwenda, ila ukisahau call-next-method methodi zenyewe haziitwi kabisa. Na kama klasi ile ile ilikuwa na :around yake, yako inachukua nafasi ya ile ya mwanzo. Mie nishapoteza jioni nzima nikiwinda kosa nililolileta mwenyewe.

fundi_mkoani
Kijana, hio klasi ya mtoto-mkaazi umeiandikaje?

kijana_wa_wete
(defclass mtoto-mkaazi (mkaazi mtoto) ())

fundi_mkoani
Basi hapo hapo. Umemtanguliza mkaazi kwa hio methodi yake ndo inayoshika, na kama haina call-next-method ya mtoto haifikiwi maisha. Andika (compute-applicable-methods #'nauli (list abiria)) uione foleni yao, wala hutaki trace.

kijana_wa_wete
Wallahi ni kweli, na :methods t inaonesha ya mkaazi peke yake. Nimegeuza ikawa (mtoto mkaazi), sasa methodi ya mtoto inaitwa lakini inampa nusu ya bei ya mgeni 🤦🏾

fundi_mkoani
Ni kwa sababu umeiandika nusu ya bei ya mgeni kwa namba mule ndani. Iandike (/ (call-next-method) 2), aliye nyuma yake kwenye foleni ndo atoe bei.

kijana_wa_wete
Imekubali! Trace inaonesha mtoto, ndani yake mkaazi, inarudi nusu.

bi_mdogo_chake
Mwandikie na print-object huyo abiria (methodi ya kuamua achapishwe vipi), akisha trace ikutajie jina badala ya namba za kumbukumbu. Na untrace ushafanya?

kijana_wa_wete
Bado 😂 ndo nkawa nashangaa mbona terminali haishi kusema.