Tupeane uzoefu: safari ya familia Dodoma hadi Babati enzi za vumbi

Mleta mada: Juzi niliwapeleka wanangu Babati, kilomita 251 kutoka Dodoma, nao wakalala kuanzia Msalato hadi Kondoa bila kichwa cha yeyote kugonga kioo. Nilikumbuka mwaka 1994, baba alipotupakia watoto saba nyuma ya pikapu chini ya turubai, na tulipoteremka Haneti kunywa maji, nyusi zetu zilikuwa nyekundu kama ndevu za mzee aliyepaka hina. Waliopita njia ile kabla ya lami waeleze yaliyowakuta.

Mjukuu wa Haneti: Vumbi lile halikuwa likifulika, kaka. Shati langu jeupe la Krismasi liliishia kuwa la kulalia.

Bibi wa Bicha: Mmenitonesha kidonda. Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokuwa hazijatulia, tulitoka Dodoma na mume wangu, mama mkwe, watoto watatu na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Upande wa Kelema tulikuta korongo kavu kabisa, mchanga ukimeta, na juu yetu hapakuwa na wingu hata moja. Katikati ya mchanga sentabolti, ile bolti inayozishika springi pamoja, ikakatika, springi ikahama, gari likakaa upande. Mume wangu aliingia uvunguni na ukanda wa mpira wa tairi ili azifunge springi, nami nikamshikia tochi, kwa maana jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kimya tangu Mayamaya, alisimama ghafla, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akasema kwa Kirangi kwamba tutoke mara moja. Mume wangu alijibu kwamba imebaki mizunguko miwili. Mama hakubishana naye. Alimshika mguu akamvuta. Tulikuwa hatujamaliza kupanda ukingo niliposikia mngurumo kama wa lori linaloshuka mlima, kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaja na magogo yake, yakalifunika gari hadi kwenye vioo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu, sisi hatukuona hata tone. Siku ya tatu gari lilivutwa na ng'ombe wanane.

Msomi wa Kolo: Pole sana, mama, lakini hao ng'ombe wananitatiza. Mifugo iliondolewa Kondoa mwaka 1979 kwa ajili ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, kutokana na mmomonyoko.

Bibi wa Bicha: Mwanangu, iliondolewa kwenye eneo la Milima ya Irangi lililoliwa na makorongo. Kelema iko kusini ya huko. Au unadhani niliwaota?

Msomi wa Kolo: Nimekubali, mama. Samahani.

Dereva Mstaafu: Sisi wenye akili tulipitia Morogoro, Chalinze na Segera kwenda Arusha, lami tupu.

Mjukuu wa Haneti: Huko ni kuizunguka nyumba nzima wakati mlango uko mbele yako, mzee wangu. Nauli ya watu saba kwa mzunguko huo ungelipa wewe?

Dereva Mstaafu: Ningelipa, na ningefika na springi zangu. Kwa wanaokwenda vijijini bado njia za changarawe zipo: kwenye mchanga mzito punguzeni upepo wa matairi.

Fundi wa Majengo: Usipunguze kama huna pampu, utafika Kondoa kwa rimu. Beba sentabolti mbili, jeki na ubao wa kuiwekea jeki, kwa sababu juu ya mchanga jeki huzama yenyewe.

Mjukuu wa Haneti: Mimi nitabeba mama mkwe.

Msomi wa Kolo: Tusisahau kwamba hiyo ni sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ya Cape Town hadi Cairo, na lami yetu ilizinduliwa mwaka 2018 tu. Wageni walikuwa wakifika Kolo kutazama michoro ya miambani wakiwa wamejifunga vitambaa usoni kama wezi.

Mleta mada: Mama wa Bicha, hujatueleza mwisho wa kuku.

Bibi wa Bicha: Aliliwa Kelema usiku uleule, kwa wenyeji waliotupokea. Firigisi alipewa mama mkwe, na hadi leo mume wangu hajalisahau jambo hilo.