Wenye watoto wa usonji, mtindio wa ubongo au Down: nani hukushikia mtoto? Tupeane uzoefu

Mama Chapati (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nilifiwa na mama mdogo huko Kilosa, yule aliyenilea miaka mitatu mama yangu alipokuwa anaumwa. Sikwenda kumzika. Nauli nilikuwa nayo, mume hakuwa na neno. Nilichokosa ni mtu wa kumshika mwanangu siku mbili.

Ana miaka 9, ana usonji (autism). Haongei, ila matangazo ya redio anayaimba mwanzo mpaka mwisho. Akiona mlango wazi ametoka, na akitoka anafuata maji: bomba, mtaro, dimbwi, popote. Ndiyo maana komeo la mlango wangu liko juu kabisa, hata mgeni akitaka kuondoka lazima aniite. Anakula wali mweupe tu, kwenye sahani ya bluu. Siku ilipopasuka nilizunguka soko la Rangi Tatu, Mbagala, hadi saa mbili usiku natafuta nyingine ya rangi ileile. Kwenye basi nimeshajaribu kusafiri naye, abiria wakamwambia konda atushushe.

Swali langu ni moja: ukipata msiba, ukiugua, au ukitaka tu kwenda kusuka, nani anakushikia mtoto? Ulimpataje? Wa mafuta ya upako na wa mizizi naomba mpite kimya kimya, hela yangu imeshaliwa sana huko.

Seremala wa Moshi
Pole sana dada. Wangu ni binti wa miaka 6, mtindio wa ubongo (cerebral palsy), viungo havimtii. Shingo ilikuwa haikai. Mke wangu alimbeba kutwa, hata ugali alisonga naye mgongoni, na mtoto anazidi kuwa mzito. Ndugu walikuja, walitoa pole, walikunywa chai, wakaondoka.

Aliyetutoa hapo ni binti mmoja wa mradi wa utengamao, wale wanaowasaidia wenye ulemavu waweze mambo ya kila siku, alikuwa anakuja nyumbani kila Alhamisi kwa bodaboda. Hakuja na dawa. Aliuliza: mnamlishaje? Tukamwonyesha, mtoto kalala chali mapajani, kijiko kinatokea juu, kama tulivyolishwa sisi wote. Akasema ndiyo maana kichomi hakiishi, chakula kinapita njia ya hewa. Mkalisheni, kidevu kiiname kidogo, kijiko kitokee mbele, halafu msubiri ameze kwanza. Kusubiri ndiyo kazi. Sahani moja dakika arobaini.

Halafu kiti. Mimi ni seremala, lakini kiti alichonifundisha hakina hata ubao mmoja. Ni maboksi ya dukani, magazeti, na gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji. Unabandika tabaka, unaanika juani, unabandika tena. Kilipokauka nilikikalia mwenyewe na kilo zangu 78 kikatulia. Kimekatwa kwa vipimo vyake, mbavuni kimembana kidogo, mbele kina meza. Wiki hiyo hiyo mama yangu mzazi akamlisha kwa mara ya kwanza. Kumbe miaka yote alikuwa anaogopa atamvunja shingo.

Mradi uliisha baada ya mwaka na nusu. Siku hizi Alhamisi hakuna anayekuja.

Mtu wa Zamani
Sitaki kumuudhi mtu, lakini zamani haya hayakuwepo. Ukoo ulilea. Mmekimbilia mjini mkajifungia na mageti, sasa mnatafuta wa kuwashikia watoto.

Kitinda Mimba, Unguja
Mzee wangu shikamoo. Ukoo unalea, kweli, ila tusidanganyane: huo ukoo huwa ni mwanamke mmoja. Kwetu alikuwa mama. Kaka yangu ana Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili, sasa ana miaka 31. Mama alipofariki, jioni ya hitma watu wakaanza kutazama miguu yao. Nikamchukua mimi, niliyezaliwa nyuma yake.

Lakini mtaa haukunitupa, hilo niseme. Kaka anamsaidia muuza kahawa barazani, anakusanya vikombe na kuvisuuza, asubuhi na baada ya laasiri. Ujira wake ni kahawa, kashata na siku nyengine mia tano. Asipoonekana mpaka adhuhuri napigiwa simu. Watoto walikuwa wakimwita zezeta, muuza kahawa akasema atakayelitamka neno lile hapa hauziwi hata kashata. Likafa. Hajapata semina yoyote yule mzee. Kinachoninyima usingizi ni kuwa umri wake umeshapindukia sabini.

Na wenye wa Down, moyo upimwe mapema, na tezi ya shingo isisahauliwe hata ukubwani. Kaka alikuwa analala mchana kutwa, ananenepa, tukimwita mvivu. Kumbe tezi ilikuwa haifanyi kazi sawasawa. Alianza vidonge akiwa na miaka 24.

Mama Zamu, Likoni
Mimi niko Kenya. Mimi na wenzangu tulijuana kwenye foleni ya kupimisha watoto, kile kituo cha elimu kinachoangalia mtoto anafaa kuwekwa shule gani. Foleni ilikuwa ndefu hadi tukajuana majina ya watoto wote. Tukafanya chama, kina mama saba. Pesa hatuchangi, tunachanga masaa. Jumamosi wawili wanabaki na watoto kwenye ua wa madrasa, watano wanaenda zao, na ni mwiko kumuuliza mwenzako ulienda wapi. Jumamosi yangu ya kwanza niliingia nyumbani, nikafunga mlango, nikalala mpaka magharibi. Ukikosa zamu bila sababu unadaiwa mbili.

Mwanzo wa yote, andikisha mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu upate kadi. Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, ina shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali. Kwangu zinaishia kwa nepi, lakini nepi si mchezo, mtoto ana miaka 12.

Mama Akida
Kwangu hakuna anayeshika. Baba yake aliondoka mwaka huohuo tulioambiwa. Nasoma tu hapa.

Mkimbizi wa Fresno
Mama Akida, nimekusoma. Mimi ni wa Uvira, Kongo, nimefika California, Marekani, nikiwa na mtoto wa miaka 4. Huku kuna sheria ya 1969 inaitwa Lanterman, na kwa sheria hiyo kuna vituo 21 vya kanda vya watu wa usonji, mtindio, kifafa na ulemavu wa akili. Karatasi za uhamiaji si sharti. Lakini mimi nilikaa mwaka mzima bila kwenda, kwa sababu pale kanisani waliniambia wazungu wataninyang'anya mtoto.

Nilipoenda waliniwekea mkalimani kwenye simu. Neno usonji halijui, akasema mtoto wako ana wazimu. Nililia mbele ya yule mama wa ofisi, naye hakujua ninalilia nini. Tangu siku hiyo naenda na neno langu nimeliandika kwenye karatasi.

Wanatoa masaa ya mlezi kupumzika. Mtu anakuja, analipwa, wewe unatoka. Siku ya kwanza nilitoka nikakaa ndani ya gari mbele ya nyumba yangu, nusu saa, kisha nikarudi. Nitaenda kwa nani? Sina jirani ninayemjua jina. Wewe una msiba wa kwenda na huna wa kushika mtoto, mimi nina masaa na sina pa kuyapeleka.

Mwalimu wa Kitengo
Nafundisha kitengo maalumu kwenye shule ya msingi hapa Dodoma. Mama Chapati, usitafute mtu wa kukaa naye siku mbili, humpati. Tafuta wa dakika kumi. Wewe ukiwepo, umekaa pembeni, huongei. Kesho ishirini. Wiki ya pili unakwenda dukani na kurudi. Mtoto wa usonji ratiba ikibadilika ghafla ndipo anapolipuka, kwa hiyo mfanye huyo mtu awe sehemu ya ratiba.

Na andika daftari. Mimi kila mwanafunzi wangu ana lake: anakula nini, anaogopa nini, akilia kwa sauti hii maana yake nini. Lako lianze na sahani ya bluu. Mwenye kifafa ukurasa wa kwanza uwe wa degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa, zikipita dakika tano kimbiza hospitali. Nimeshaona meno yaliyong'olewa na vijiko vya watu wenye nia njema.

Mama Akida, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Nenda kwa mtendaji uulize wajumbe ni kina nani. Huenda akakutazama kama umemuuliza habari za mwezini. Uliza tena wiki inayofuata, na uende na mzazi mwingine.

Mtu wa Zamani
Nimesoma hadi mwisho. Dada yangu alikuwa na mtoto wa hivyo, sisi tulikuwa tunaenda Krismasi tu. Nilisahau.

Mama Chapati (mleta mada)
Narudi baada ya wiki tatu. Nilianza na jirani anayeuza mkaa, mwenyewe alijitolea baada ya kuniona nimebandika karatasi ya daftari mlangoni. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Jana nimekwenda sokoni Rangi Tatu peke yangu, dakika hamsini, nimenunua nyanya nikiwa na mikono yote miwili. Nimerudi nimewakuta uani: mwanangu kalowa mwili mzima, jirani kalowa mwili mzima, bomba liko wazi na ndoo zangu zote zimejaa. Jirani anasema alimfuata mlangoni mara nne, ya tano akaona bora waende wote kwenye maji.

Bili ya maji tutaongea na mume. Ya arobaini ya mama mdogo ni mwezi ujao tarehe 14, najaribu kuhesabu kama tutafika zile siku mbili.