Mrejesho: kampeni tuliyochagua kisha Phandelver

Aksanti sana kwa majibu, munakumbuka niliuliza: tumemaliza Lost Mine of Phandelver, kampeni (hadithi ndefu) ya Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kutupa dadu, ile ya kupandisha wahusika levo 1 mpaka 5, na miye ndiye naendesha mchezo, bado mupya, je tuingie Curse of Strahd, kampeni ingine ya mchezo ule ule, ao tubadilishe kabisa? Wengi mulisema Strahd juu inafika levo 10. Nimeisoma, tamu kweli, lakini ni kazi ya miezi na batu bangu huku Bukavu leo yuko, kesho amesafiri Uvira.

Njo tukachukua Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa namna hiyo lakini wa kuogopesha, kisa cha The Haunting, kiko bure ndani ya Quick-Start yao (kijitabu cha kuanzia), nyumba moja ya Boston mwaka 1920. Unatupa dadu za kutoa namba 1 mpaka 100, ukipata namba ya ujuzi wako ao chini yake umefaulu, basi, hakuna kufungua-fungua kitabu. Kuran ikakatika kwetu wahusika wao wakiwa kwenye ngazi za kushuka chini ya nyumba, nikawasha bujia, mudogo wangu akagoma eti "miye nabaki kulinda mulango", tulicheka!

Strahd itangoja likizo kubwa. Mwenye kujua kisa kingine kifupi cha batu wane aniambie.